Jinsi ya kuchora grafu za modulasi: tafuta kona kwanza

Jumamosi mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, alikuja hapa nyumbani Isevya, Tabora, na daftari la hesabu limefutwa futwa mpaka karatasi imetoboka. Yupo kidato cha tatu. Akaniambia kaka, fankisheni zote naenda nazo vizuri, ila nikifika kwenye zile za modulasi, zenye vijiti viwili kama |x|, hapo ndo napotea kabisa. Nikamwambia lete penseli na rula tukakae chini ya mwembe, tukakaa kama masaa mawili hivi, na njia niliyompa ndo hii naiandika hapa kwa mwanafunzi yeyote aliyekwama palepale, awe Tabora awe Kigoma awe popote, na kwa mzazi au kaka anayetaka kusaidia mtoto ila na yeye ameshasahau.

Tuanze na vile vijiti vinasema nini, maana hapa ndo shida yote inapozaliwa. |x| maana yake ni umbali wa x kutoka sifuri, basi. Namba 5 ipo hatua tano kutoka sifuri, namba −5 nayo ipo hatua tano kutoka sifuri, kwa hiyo |5| ni 5 na |−5| ni 5. Alama yenyewe ya vijiti aliianzisha Mjerumani mmoja mtu wa hesabu, Karl Weierstrass, mwaka 1841, na hadi leo tunaiandika vilevile. Na umbali hauwi hasi, hujawahi kusikia mtu anasema nimetembea kilomita hasi tatu eti kwa sababu alielekea upande mwingine.

Sasa wengi tumefundishwa kwa kifupi kwamba modulasi inaondoa hasi. Kwa namba moja iliyokaa peke yake ni sawa, −5 inakuwa 5 hakuna tatizo. Balaa linakuja ukikutana na |x − 3|. Mdogo wangu alikuwa ameandika |x − 3| = x + 3, kwenye kurasa mbili nzima, kila swali, ameona alama ya kutoa ameigeuza kujumlisha. Nikamwambia weka x = 3 pande zote mbili tuone. Upande wa vijiti 3 − 3 ni 0, upande wake 3 + 3 ni 6. Akanyamaza akaangalia akasema duh. Alama ya kutoa iliyo katikati usiiguse, fanya kwanza hesabu ya ndani mpaka ibaki namba moja tu, alafu hiyo namba ukikuta ni hasi ndo unaitoa uhasi. Kwa x = 1, ndani ni 1 − 3 = −2, toka nje na 2. Kwa x = 7 ndani ni 4, toka na 4. Hivo tu.

Na ukiisoma vizuri |x − 3| inakwambia umbali wa x kutoka 3. Sio kutoka sifuri tena, kutoka 3. Hii sentensi ishike maana grafu yote inatoka humo.

Tuchukue treni. Watu wa Tabora treni tunaijua, reli ya kati imepita hapa tangu enzi za Mjerumani na hapa ndo inapogawanyika, kuna ya Mwanza, kuna ya Kigoma, na ile ya Mpanda inachepukia Kaliua. Tuseme treni inatoka upande wa Dar, Itigi imeshapita, sasa ipo kilomita 120 kabla ya kufika Tabora na inakwenda kilomita 40 kwa saa, mwendo haubadiliki (hizi namba nimezipanga mimi ili hesabu ikae vizuri). Anza kuhesabu muda kuanzia hapo. We umekaa stesheni ya Tabora, kazi yako ni kuandika treni ipo mbali kiasi gani na wewe. Mwanzoni 120. Baada ya saa moja 80. Baada ya masaa mawili 40. Baada ya matatu treni hiyo hapo mbele yako inapiga honi, umbali ni 0. Tuseme inapitiliza bila kusimama, inaelekea Usoke, Urambo, huko. Baada ya masaa manne ipo 40, matano 80, sita 120.

Muda weka kwenye mhimili wa chini, umbali kwenye mhimili wa kusimama, ploti nukta zako saba uunganishe kwa rula. Mstari unashuka umenyooka, unagusa chini pale kwenye 3, unapanda umenyooka. Ni herufi V. Ekwesheni yake ni y = 40|t − 3|, t ni muda kwa masaa na y ni umbali, na angalia kila namba imetoka wapi, ile 3 ni muda treni ilipofika kwako na ile 40 ni mwendo wake. Mdogo wangu alipoona hivo aliuliza swali zuri sana, akasema kaka sasa mbona kwenye daftari mi nilichora kama U, chini nimepinda. Wengi wanapinda, kwa sababu wametoka kwenye grafu za x² na mkono umezoea. Ila fikiria treni, sekunde moja kabla ya kukufikia ilikuwa inakuja kwa 40, sekunde moja baada ya kukupita inaondoka kwa 40 ileile. Hakuna mahali ilipunguza mwendo, na ukipinda pale chini unakuwa umesema treni ilipunguza mwendo taratibu ikakaribia ikaanza tena polepole. Kwa hiyo kona ya modulasi ni kali, kama kona ya bahasha. Na treni ya kweli inayosimama Tabora inakata mabehewa, hiyo ingekuwa na kipande cha kulala pale chini kwenye sifuri muda wote iliosimama, hapo ingekuwa grafu nyingine, sio modulasi tena.

Haya, karatasi. Chukua grafu pepa, kama huna hata daftari la kawaida chora viboksi mwenyewe kwa rula ila viwe sawa, viboksi vikiwa havilingani pande mbili za V zitakataa kufanana na utadhani umekosea hesabu.

Anza na ya msingi, y = |x|. Jedwali lako liwe na namba za pande zote mbili, x = −3, −2, −1, 0, 1, 2, 3, na y inatoka 3, 2, 1, 0, 1, 2, 3. Kona ipo (0, 0). Kulia ukisogea kiboksi kimoja unapanda kimoja, kushoto hivohivo. Hii ichore mpaka uweze kuichora umefumba macho, kwa sababu zote zinazofuata ni hii hii imesogezwa, imebanwa, imetanuliwa au imepinduliwa.

Hapo kwenye jedwali niseme la kwangu. Mi nilivyokuwa kidato cha tatu mtihani wa muhula ulileta y = |x − 6|, nikatengeneza jedwali langu kama nilivyozoea, x kuanzia 0 mpaka 5. Nikapata 6, 5, 4, 3, 2, 1. Nikachora mstari mmoja mzuri umenyooka unashuka, nikaendelea nao mpaka chini ya mhimili, nikafurahi nimemaliza mapema. Swali zima likaenda. Kona ilikuwa kwenye 6, hatua moja tu mbele ya pale jedwali langu lilipoishia, na mi sikuwahi kuiona. Ndo maana siku hizi sianzi na jedwali kamwe, naanza na kona, jedwali linakuja baadaye na linajengwa kuizunguka kona, namba mbili tatu kushoto kwake na mbili tatu kulia.

Kona unaipataje? Chukua kilicho ndani ya vijiti, kifanye sawa na sifuri, tafuta x. Ndani ni x − 6, basi x = 6. Ndani ni x + 4, basi x = −4. Ndani ni 2x − 6, hapa wengi wanaandika 6 haraka haraka, tulia, 2x = 6 kwa hiyo x = 3. Ukishafanya hivi huhitaji kukariri ile habari ya "kutoa inaenda kulia, kujumlisha inaenda kushoto" ambayo inawachanganya watu kila mwaka maana inaonekana kinyume. Hakuna kinyume. Unauliza swali moja tu, x gani inafanya ndani iwe sifuri, yaani treni inafika saa ngapi.

Namba iliyokaa nje ya vijiti, ile ya kujumlisha au kutoa, hiyo inapandisha au kushusha V nzima kama ilivyo. y = |x| + 2, kona inapanda mpaka (0, 2). y = |x| − 4, kona inashuka mpaka (0, −4). Na hapa usiogope ukiona y imekuwa hasi. Mdogo wangu alikataa kabisa, akasema si umesema umbali hauwi hasi? Ndio, umbali hauwi hasi, |x| yenyewe ni sifuri au zaidi, ila baada ya kuupata umbali umeutoa 4, na sifuri ukiitoa 4 ni −4. Vijiti vinalinda kilichomo ndani yake tu.

Namba inayozidisha mbele ya vijiti ndo mwendo wa treni. y = 2|x|, ukisogea kiboksi kimoja unapanda viwili, V inakuwa nyembamba. y = ½|x|, unasogea viwili ndo unapanda kimoja, V inajitanua. Na mbele kukiwa na hasi, y = −|x|, V inapinduka inakuwa kama paa la nyumba, kona ipo juu na pande zinateremka.

Sasa tuunganishe vyote kwenye swali moja ambalo nililifanya naye polepole: y = −2|x + 1| + 6. Ndani, x + 1 = 0, x = −1. Kwenye x hiyo vijiti vyote ni sifuri, kinachobaki ni 6, kwa hiyo kona ni (−1, 6). Weka nukta pale, ikoleze. Mbele kuna −2, basi ni paa, na kila kiboksi kimoja unachosogea unashuka viwili. Kutoka kona nenda kulia: (0, 4), (1, 2), (2, 0). Rudi kwenye kona, nenda kushoto: (−2, 4), (−3, 2), (−4, 0). Chora mistari miwili kutoka kona, weka mishale mwishoni kuonyesha inaendelea. Imeisha. Alafu hakikisha kwa kuchagua x moja uiweke kwenye ekwesheni, mfano x = 1, ndani ni 2, mara −2 ni −4, jumlisha 6 ni 2. Na kwenye grafu (1, 2) ipo. Ukiona haikubali usifute grafu yote, angalia kwanza kona maana mara nyingi kosa lipo pale.

Wakikuuliza domeni (x zinazoruhusiwa kuingia) na renji (y zinazotoka), domeni ni x zote, hakuna namba inayokatazwa kuingia kwenye vijiti. Renji inasomwa kwenye kona, hii yetu imefunguka kwenda chini kwa hiyo y ≤ 6, na ile y = |x| − 4 imefunguka kwenda juu, y ≥ −4.

Kuna njia nyingine ya kukunja karatasi ambayo naipenda sana, na kwa mtoto anayeelewa kwa kuona hii ndo inamaliza ubishi. Chukua y = |x − 3|. Sahau vijiti kwanza, chora mstari wa kawaida y = x − 3 kwa penseli laini, ukandamize vizuri uwe mweusi. Mstari unapita (0, −3), unakata mhimili wa x kwenye 3, unaendelea juu. Kipande kilicho chini ya mhimili ndo sehemu ambayo ndani ni hasi. Sasa kunja karatasi kwenye mhimili wa x wenyewe, upande wa chini uje ulale juu ya upande wa juu, ule mstari wa penseli uangaliane na karatasi, alafu sugua mgongo kwa kucha au mgongo wa kijiko. Fungua. Utaona kivuli cha kijivu kimejichapa juu, kinatoka (0, 3) kinashuka mpaka (3, 0), kinakutana na mstari wako na kutengeneza V. Kipitie kwa penseli, kile cha chini kifute. Mdogo wangu alisugua akafungua akacheka, akafanya nyingine tatu bila kuambiwa.

Na hii inakuonyesha kwa nini kwenye vitabu wanaiandika kwa vipande viwili, y = x − 3 kama x ≥ 3, na y = 3 − x kama x < 3. Kile cha pili ndo kilichokunjwa. Njia hii inafanya kazi hata ndani kukiwa na kitu kigumu zaidi kama y = |x² − 4|, chora x² − 4 yako ya kawaida, ile bakuli linalokata kwenye −2 na 2 na kushuka hadi −4, kunja, kipande cha chini kinapanda kinakuwa kilima chenye kilele (0, 4), na kona kali zinakuwa mbili, pale kwenye −2 na 2. Kilima chenyewe kinabaki cha mviringo, hapo ruksa kupinda. Ila kama kuna namba nje ya vijiti, kunja kwanza alafu ndo upandishe au ushushe, ukianza kushusha ndo ukunje utapata kitu kingine kabisa.

Grafu hii pia inakusaidia kutatua maswali ya aina ya |x − 3| = 2. Chora V yako, alafu chora mstari wa kulala y = 2. Unakata V mara mbili, kwenye x = 1 na x = 5, hayo ndo majibu. Kwa treni yetu ukiuliza lini treni ilikuwa kilomita 80 kutoka Tabora, 40|t − 3| = 80, utapata baada ya saa moja na baada ya masaa matano, mara ya kwanza inakuja mara ya pili inaondoka. Ndo maana majibu yanakuwa mawili na mwanafunzi anayeandika moja tu anapunguziwa. Mstari ukipita kwenye kona penyewe jibu ni moja, na ukiambiwa |x − 3| = −1 mstari unapita chini hauigusi V, hakuna jibu, andika hakuna jibu, usijilazimishe kutafuta.

Mwenye simu yenye bando anaweza kuangalia kazi yake kwenye Desmos au GeoGebra, programu za kuchora grafu, unaandika abs(x-3), hiyo abs ndo vijiti, inakuchorea. Mi nashauri uchore kwa mkono kwanza ndo uangalie, kwenye chumba cha mtihani simu haiingii.

Mazoezi matatu niliyompa aondoke nayo. y = |x + 4| − 3, kona (−4, −3), inakata mhimili wa x kwenye −7 na −1 na mhimili wa y kwenye 1. y = 3 − |x|, hii ni paa, kona (0, 3), inakata kwenye −3 na 3. Ya mwisho ndo ilimsumbua, y = |5 − 2x|, akaniandikia ujumbe usiku saa tatu kwamba kona haikai kwenye viboksi. Ni kweli haikai, 2x = 5, x ni 2.5, weka nukta katikati ya 2 na 3 na usiisogeze kwenda kokote, alafu x = 2 inakupa 1, x = 3 inakupa 1, x = 0 inakupa 5, na x = 5 inakupa 5.